Dadangu na Zile Elfu Ishirini

Wadau, leo sina kichekesho. Juzi nilipiga video ya dakika moja ya mkahawa fulani Watamu, nikalipwa elfu kumi na tano. Kazi ya asubuhi moja tu. Kufika nyumbani Gede saa tatu usiku, namkuta dadangu bado anasahihisha madaftari. Sikumwambia kitu. Niliona haya.

Dada ana digrii ya ualimu. Mimi nilisomea hiyo hiyo nikaacha mwaka wa pili, na mama hajanisamehe mpaka leo. Dada alianza 2023 kama mwanagenzi wa sekondari msingi, shilingi 20,000 kwa mwezi. Ukikata bima, NSSF na ile tozo ya nyumba, inabaki elfu kumi na saba na kitu. Bado nauli, bado unga. Alisomea sayansi, lakini walimu ni wachache, kwa hiyo akabebeshwa na kilimo, na michezo juu.

Aprili 2024 mahakama ya ajira ikasema kumchukua mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa kisha ukamlipa kama mwanagenzi si halali. Tukashangilia bure. Mei wakaingia barabarani, na mwisho wa mwezi kukaingia zile zile. Mpaka Januari 2025 ndipo wanagenzi 46,000 wakapata ajira ya kudumu, dada akiwemo. Mama alipiga vigelegele majirani wakaja mbio!

Halafu sikia hii: wakati huo huo TSC ikachukua wanagenzi wengine 20,000. Mmoja anakaa meza ya pili na dada. Kazi moja, mshahara mbali.

Dada wa 2023 alikuwa anawapeleka wanafunzi kwenye magofu Jumamosi, wengine akiwalipia kiingilio mwenyewe. Siku hizi kengele ikilia, anachukua mkoba. Simlaumu. Wiki jana mtoto mmoja kamuuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, mbona usifanye video kama mdogo wako?" Wakacheka wote. Alinihadithia huku naye anacheka, kisha akanyamaza.

Jana ameniomba nimfundishe kuhariri. Nimemwambia simu yangu ina shida, tungoje likizo. Simu haina shida yoyote. Naogopa ataweza, na wale watoto watabaki na nani?