Mji wa Mawe na Mji wa Maturubai: Safari ya Siku Moja kutoka Mugoma hadi Biharamulo

Safari ninayoisimulia hapa ni ya siku moja tu. Inaanza Mugoma alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni na migomba ikidondosha umande, inapitia Ngara mjini, inafika Rusumo penye daraja la Mto Kagera, inasimama Benaco, kisha inashika lami ya kuelekea Lusahunga na kuishia Biharamulo, chini ya kuta za boma la Mjerumani. Wageni wengi wanaofika pande hizi wanafuata wanyama wa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019, au wanapita tu wakiwahi Kigali na Bujumbura. Mimi nashika njia hiyohiyo kwa sababu nyingine, na msomaji na awe abiria wangu. Kwenye njia hii kuna miji miwili ya kale yetu. Mmoja ulijengwa kwa mawe na ungali umesimama. Mwingine ulijengwa kwa miti na maturubai, ukawa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Tanzania kwa muda wa miaka miwili na ushei, kisha ukafutika. Naamini miji hiyo ni sura mbili za kisa kimoja, na kwamba anayeonyeshwa ule wa mawe peke yake anarudi nyumbani na nusu ya kisa.

Ili kulielewa hilo, tuanze na ardhi yenyewe. Ngara ni nchi ya Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi, na Kihangaza kiko karibu na Kirundi na Kinyarwanda kiasi kwamba jirani wa ng'ambo hahitaji mkalimani. Vilima ni vilevile, migomba ni ileile, hata majina ya watu yanafanana. Wajerumani walipotawala, Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa ndani ya koloni moja, na maji ya Rusumo hayakutenganisha dola na dola. Mpaka tunaoujua leo ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana mali ya aliyeshindwa. Tena haukuwekwa mara moja ukakaa. Gisaka, nchi iliyo ng'ambo tu ya daraja, kwanza ilipewa Waingereza, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikarudishwa Rwanda chini ya Wabelgiji. Maana yake ni kwamba mkulima wa Gisaka aliweza kulala akiwa mtu wa Tanganyika na kuamka akiwa mtu wa Rwanda, hali jembe lake halijahama shambani. Aliyeamua nani awe mwenyeji na nani awe mgeni hakuwa yeye.

Tukifika Rusumo, tunasimama juu ya maporomoko. Hapa ndipo Gustav Adolf von Götzen alipovuka kuingia Rwanda mwaka 1894, miaka michache kabla ya kuwa gavana wa koloni zima. Leo kuna daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyozinduliwa Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame, na pia mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mto uliotumika kututenga sasa unatuwashia taa sote. Lakini mwongozaji akiishia kwenye umeme atakuwa ameruka ukurasa mzito. Miaka 100 baada ya Götzen, maji haya yalibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, yakazipeleka hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda wakazizika huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, juu ya daraja la zamani, walipita watu ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kuwa kiasi cha robo milioni kwa muda wa saa 24 hivi. Mpaka haukusababisha mauaji yale, na atakayesema hivyo atakuwa amewapunguzia wauaji dhambi yao. Nisemalo ni jingine: mpaka ndio uliowapa watu jina jipya kwa hatua chache za daraja. Upande ule walikuwa raia, upande huu wakawa wakimbizi.

Kutoka Rusumo barabara inapanda hadi Benaco. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake mahali hapa. Kampuni iliondoka, jina likabaki, na mwaka 1994 jina hilo likatangazwa na redio za dunia nzima kwa kuwa hapa palikuwa na kambi kubwa kuliko zote duniani, mpaka Julai zilipotokea zile za Goma. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole, Keza na Kitali. Wakimbizi wa Ngara wakawazidi wenyeji kwa idadi. Palikuwa na masoko, vinyozi, vilabu vya pombe ya ndizi, makanisa, shule na zahanati. Palikuwa pia na hofu ya kipindupindu, foleni za maji, na miti iliyofyekwa kwa ajili ya kuni mpaka vilima vikabaki vipara. Leo Benaco ni mji wa malori: madereva wa masafa marefu, nyumba za wageni, mama lishe, na konda anayelitaja jina la kampuni iliyoondoka zamani kama analitaja la kijiji cha babu yake. Maturubai yamekwisha, na penginepo miti imerudi.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozuka: kama hakuna kitu cha kuonyesha, mgeni aletwe kutazama nini? Swali ni la haki, na jibu lake nalipata mbali. Huko Georgia, chini ya milima ya Kaukazi, watalii huchukuliwa kwa siku moja kutoka mji wa kale wa Kutaisi kwenda Tskaltubo, mji wa chemchemi za maji ya uvuguvugu ambako dola ya Kisovieti ilijenga majumba makubwa ya mapumziko yenye nguzo na ngazi za fahari, na treni zikawaleta wapumzikaji moja kwa moja kutoka Moscow. Dola ikaanguka mwaka 1991, majumba yakaachwa. Wageni hupiga picha za plasta inayobanduka na majani yaliyoota ndani ya kumbi za dansi. Lakini sehemu ya kisa isiyoonekana kwenye plasta ndiyo inayotuhusu sisi. Baada ya vita vya Abkhazia vya 1992 na 1993, maelfu ya waliofukuzwa makwao waliwekwa ndani ya majumba yale, na wengine wakakaa humo kwa miaka mingi, wakianika nguo kwenye varanda za wakubwa. Asiyeambiwa hilo huona jengo bovu tu. Basi hata penye magofu, kinachomfundisha mgeni ni maneno ya anayemwongoza. Na kama penye nguzo za fahari mwongozaji anahitajika, Benaco, ambako nguzo zilikuwa fito, anahitajika mara mbili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipita kwa haraka. Wapo wasemao kwamba kambi zile zilificha wauaji, na kuziwekea kumbukumbu ni kuwapa heshima wasiyoistahili. Ni kweli zilificha wauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo ng'ambo ya pili, ambako watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye walichinjwa katikati ya Aprili 1994, aliishi Benaco. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004, na mwaka 2006 rufaa ikaipandisha adhabu yake kuwa kifungo cha maisha. Jean-Baptiste Gatete, mtuhumiwa mwingine wa mauaji yale, naye alikuwa Benaco, na Juni 1994 wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe, umati uliinuka kumtetea. Lakini ndani ya kambi hizohizo walikuwamo watoto wachanga, wajane, na wakulima waliokuwa wanakimbia vita bila kujua wamejificha nyuma ya nani. Mwezi Desemba 1996 Serikali yetu pamoja na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31. Wengi wakaanza kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania, askari wakawageuza, na karibu nusu milioni wakarudi wakipitia daraja lilelile. Uamuzi ule ulisifiwa na kulaumiwa. Yote haya ni ya kusimuliwa kwa ukamilifu wake. Kumbukumbu si nishani. Tukinyamaza, anayefaidika na ukimya ni yule mwenye la kuficha.

Tena ukimya unatudhulumu hata sisi wenyeji. Kabla ya 1994 Ngara ilikuwa imeshapokea wageni: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wanyarwanda waliokimbia walipewa ardhi Muyenzi, humuhumu wilayani, na mwaka 1980 maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wakiishi nchini walifunguliwa mlango wa uraia. Huko ndiko kulikuwa kutimiza usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miaka ya 1990 wageni walikuja wengi kuliko majembe, wakapewa mgawo badala ya shamba, na kambi ya mwisho mkoani, Lukole ya Warundi, ikafungwa mwaka 2008. Kilichobaki ni barabara, visima, zahanati zilizoimarishwa, na Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi na hadi leo inasikika. Kwizera maana yake ni kutumaini, neno ambalo Mhangaza, Mrundi na Mnyarwanda wote wanalielewa.

Mchana tunashika barabara ya Lusahunga, kilomita zipatazo 90 kutoka Rusumo, kisha tunapinda kuelekea kaskazini kupitia misitu ambayo zamani mabasi yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Biharamulo inatokea na boma lake, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 ili kutawala nchi iliyo kati ya ziwa na mito. Juni 1916 Wabelgiji waliuteka mji huu, na kuanzia hapo mgawanyo uliotuletea mpaka ukaanza kupikwa. Wapo wasemao boma ni kumbukumbu ya viboko na kodi, kwa nini tulitunze? Nami nasema litunzwe kwa sababu hiyohiyo: ushahidi hauharibiwi kwa kuwa unaumiza. Ila litunzwe kwa adabu. Kule Kutaisi, kanisa kuu la Bagrati liliondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017 kwa sababu ukarabati uliligeuza kuwa jengo jipya. Anayepaka rangi historia mpaka ing'ae anaweza kuipoteza kama aliyeibomoa.

Kuna jambo moja linaloyaunganisha boma na Benaco hata mbele ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Boma ni changa kwa kipimo hicho, na kambi ni changa zaidi. Vyote viwili vinahitaji kutangazwa na Waziri mwenye dhamana, na kabla ya hapo kutakwa na watu. Atakayeuliza kama si afadhali fedha za kuvitunza zijenge madarasa, nitamjibu kwamba siombi jumba la makumbusho. Naomba jiwe lenye maandishi Benaco, ramani ya kambi ukutani mwa boma, na vijana wa Ngara na Biharamulo waliofunzwa kuongoza wageni kwa malipo halali. Taifa letu linajua kutunza makazi ya wageni likitaka: Mazimbu, Morogoro, makazi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini yaliyokabidhiwa kwetu mwaka 1992, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine na makaburi yao yanaheshimiwa. Pale tulipokea mashujaa. Ngara ilipokea umati uliochanganya waliotenda na waliotendwa, na hiyo ni kazi ngumu zaidi ya ukarimu, isiyostahili kusahaulika kwa kuwa haina wimbo.

Ndiyo maana safari hii siianzii bomani, ingawa ndiko kuna jengo la kupigia picha. Naianzia Mugoma, kwa watu ambao lugha yao ilikuwepo kabla ya mpaka, nawapitisha abiria wangu darajani na Benaco, halafu ndipo nawafikisha kwenye kuta. Mtoto aliyezaliwa chini ya turubai mwaka 1994 sasa amevuka miaka 30, na waliowagawia maji wazazi wake wanazeeka humuhumu vijijini. Mawe ya Biharamulo yanaweza kungoja miaka mingine. Wazee hawa hawawezi.