Upepo Umepita Juu ya Nini?

Kwetu Malindi, ukitaja kaskazi, kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni joto. Kaskazi ni Desemba mpaka Machi. Ni bahari iliyotulia, ni maembe, ni watu kutandika mikeka uani kwa sababu ndani hakulaliki. Baba yangu amevua samaki kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwake mwaka una pepo mbili tu. Kaskazi ikivuma, mashua inatoka. Kusi ikiingia na mawimbi yake, mashua inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu na kukopa dukani.

Basi majira yangu ya kwanza ya baridi Uingereza, simu iliponiambia kwamba Alhamisi utaingia upepo wa kaskazini, mwili ulichanganyikiwa. Kwa sekunde moja nilihisi joto. Halafu nikasoma nambari iliyofuata: nyuzi 4 chini ya sufuri.

Nilifurahi, nisikudanganye. Nilikuwa naingoja theluji kama mtu anayengoja mshahara. Wakati naondoka nyumbani kila mtu aliniagiza kitu. Binamu aliagiza raba, mdogo wangu simu, shangazi akataka mafuta ya kupaka ambayo, wallahi, yanauzwa hata Nairobi. Baba hakuagiza kitu cha kubeba. Alisema, "Nitumie theluji niione. Video, si picha. Nataka kuiona ikianguka." Kisha akaongeza, "Lakini usikawie."

Alikuwa na sababu. Baba ana presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba uono uliokwisha kupotea haurudi, na yale matone anayotiwa asubuhi na jioni ni ya kulinda uliobaki. Ugonjwa wake ulianzia pembeni. Siku hizo alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la mlango, na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kuwa dogo.

Nilifikia Derby, katikati ya Uingereza. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makao yao, mara nyingi shifti ya usiku. Mimi mtoto wa mvuvi nikaenda kuishi mwendo mfupi kutoka kijiji cha Coton in the Elms, mahali panapotajwa kuwa mbali na bahari kuliko pote katika kisiwa kizima: kilomita 113 hivi. Nilipoambiwa hivyo nilicheka tu. Kumbe jibu la swali langu lote lilikuwa hapo, sema sikulijua.

Alhamisi ikafika. Programu ya hali ya hewa ilikuwa na kale kachoro ka chembe ya theluji. Kazini ni ubishi mtupu: itakuja, haitakuja, shule zitafungwa, hazitafungwa. Nilitoka shifti saa moja asubuhi, na huku majira hayo jua huchomoza baada ya saa mbili, kwa hivyo bado kulikuwa na giza. Upepo ulipita kwenye koti, sweta na fulana kana kwamba sikuvaa kitu. Juu, anga safi na nyota zake. Chini, lami kavu. Kwenye vioo vya magari kulikuwa na sakitu, ule weupe mwembamba ambao watu huukwangua kwa kadi ya benki. Niliusogelea nikidhani ndiyo yenyewe. Wapi.

Jioni, nikitazama habari, ndipo nikaiona theluji. Ilikuwa Aberdeenshire, huko Scotland. Na ilikuwa Norfolk, imelala juu ya mchanga wa ufuo. Ufuo! Mimi nimetoka pwani nikaja kukaa bara, na theluji nayo imeenda kutua pwani. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikazima hita kwa sababu ya bili.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja ninayemhudumia. Alizaliwa Northumberland, pwani ya kaskazini mashariki, na kuna usiku usingizi unamkataa, anataka tu mtu wa kuongea naye. Nilimlalamikia. Akaniambia kwamba kwao upepo wa kaskazini ni theluji, hilo halina mjadala. Lakini hapa Derby, akasema, ni upepo tu, na nikinunua kofia ninunue kwa ajili ya masikio, si kwa ajili ya theluji.

Nikaanza kusoma, maana nilihisi nimetapeliwa na nilitaka kujua nani ananitapeli.

Mambo yenyewe ni hivi. Hewa inayotoka Aktiki ni baridi sana, na hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Inaanza safari ikiwa kavu. Kinachoipa theluji ni bahari. Bahari ya Kaskazini wakati wa baridi huwa na nyuzi kama 6 au 8 hivi. Mimi maji hayo siyaogi hata kwa fimbo, lakini kwa hewa ya Aktiki ni maji ya moto. Hewa inapashwa joto kutoka chini, inanyonya mvuke, inapanda, inajenga mawingu. Mawingu hayo yanamwaga mzigo kwenye nchi kavu ya kwanza yanayokutana nayo, yaani pwani zinazotazama kaskazini, na vilima vya nyuma yake. Ukisonga bara, mfereji umefungwa. Ardhi imeganda, haina joto la kuyainua mawingu mapya, na milima ya Pennines imeshachukua fungu lake. Sisi wa katikati tunaachiwa baridi, anga ya samawati na bili.

Majira ya pili ya baridi yakaja. Upepo wa kaskazini ulivuma mara mbili kabla ya mwaka mpya, na mara zote mbili nilitoka nje kama mjinga nikiwa nimeshika simu tayari. Lami kavu. Kila Jumapili Baba aliniuliza neno moja tu: "Bado?" Nami nikajibu, "Bado, Baba."

Halafu mdogo wangu akaniandikia kwenye WhatsApp. Mzee alimwaga chai juzi, akasema. Kikombe kilikuwa mbele yake mezani na hakukiona. Nilisoma ujumbe huo kwenye basi, nikashuka kituo kisicho changu. Baada ya dakika chache ukaingia mwingine: "Si uchukue tu moja YouTube umtumie? Mzee hawezi jua."

Nikachukua. Ningeweza kuiruka sehemu hii, lakini bila yake hakuna hadithi. Nilitafuta barabara yenye nyumba za matofali mekundu kama ya kwetu, chembe kubwa zikishuka polepole chini ya taa. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kukiona kwa macho yangu. Nikaituma, kisha nikapiga simu. Mdogo wangu akamshikia Baba simu karibu na uso. Mchana ule ule nilikuwa nimemwambia Baba kwamba upepo wa kaskazini umeingia tena.

Akanyamaza muda mrefu. Nikasikia jogoo wa jirani, yule asiyejua saa.

"Umesema leo ni kaskazi huko?"

"Naam, Baba. Kali sana."

"Mbona hii inaanguka wima?"

Sikuwa na jibu. Mtu asiyeona kikombe cha chai mbele yake alikuwa ameona kwamba hakuna upepo. Nilitazama miguu yangu. Mdogo wangu naye, nadhani, alikuwa anatazama yake.

Baba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Hii ni ya mtu mwingine. Mimi nataka yako." Kisha, kana kwamba tumemaliza na hayo, akaniuliza swali la kazi yake. "Huo upepo wenu, kabla ya kufika kwako, umepita juu ya nini?"

"Bahari," nikasema. "Halafu nchi kavu. Nchi kavu nyingi."

"Basi utakuletea nini? Kusi inatuletea mvua kwa sababu imelala baharini. Kaskazi yetu inatoka Uarabuni, inapita pwani ya Somalia, inafika mikono mitupu. Upepo ni mgeni, mwanangu. Hukuletea alichokipata njiani."

Nilikuwa nimesoma kurasa na ramani usiku kucha, shifti baada ya shifti. Mzee wangu, aliyeacha shule akiwa mdogo aende baharini, amefika pale pale kwa sentensi tatu.

Baada ya hapo nilisoma tofauti. Niliacha kuuliza theluji itakuja lini, nikaanza kuuliza kila upepo umetoka wapi. Desemba ya 2010, ambayo watu wa hapa bado wanaitaja, ilikuwa na baridi kuliko Desemba yoyote tangu mwaka 1910. Upepo ulitoka kaskazini, lakini pia ulijipinda ukatoka kaskazini mashariki, ukaivuka Bahari ya Kaskazini kwa upana, na haukuondoka baada ya siku mbili kama kawaida yake. Mwishoni mwa Februari 2018 baridi ilikuja kutoka mashariki, njia ya Siberia, wakaiita Mnyama wa Mashariki. Hiyo nayo ilipokutana na dhoruba ya Emma iliyopanda kutoka kusini, barabara zikafungwa.

Ukizitazama theluji kubwa za huku bara, mara nyingi utakuta kuna pande mbili. Baridi imetoka mahali pamoja, maji yametoka mahali pengine, yakakutana juu ya kichwa chako. Maji yenyewe hayahitajiki mengi, maana milimita 1 ya mvua inaweza kukupa kama sentimita 1 ya theluji. Lakini hayo machache lazima yawepo. Upepo wa kaskazini peke yake kazi yake ni kutandika mkeka. Mgeni anatoka kwingine.

Jambo jingine nililolipenda: idara ya hali ya hewa ya Uingereza huihesabu Krismasi kuwa nyeupe ikiwa chembe moja tu ya theluji itaonekana ikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. Chembe moja! Nikasema basi na mimi nishushe bei.

Ilikuja Machi, wakati kaskazi ya kwetu inajiandaa kuondoka. Huku, upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma siku tatu, mkavu kama kawaida, na nilikuwa hata sichungulii dirishani. Siku ya tatu wakatangaza mvua kutoka magharibi, kutoka Atlantiki. Kila mtu kazini akasema itakuwa mvua tu. Mimi nilinyamaza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kutumaini, si hamu tu.

Saa kumi usiku mzee wa Northumberland alibonyeza kengele. Niliingia nikidhani anataka maji. Alikuwa amekaa kitandani, pazia limefunguliwa nusu, akaninyooshea kidole dirishani bila kusema neno.

Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu dakika kumi. Nilitoka bila koti. Malindi ilikuwa saa moja asubuhi. Baba alikuwa ameshaswali na kutiwa matone yake. Safari hii haikuwa video. Nilipiga simu mubashara, nikaigeuza kamera.

"Inakwenda upande," akasema Baba. Hata salamu hakutoa.

"Ndiyo, Baba."

"Upepo gani?"

"Magharibi. Baridi ililetwa na kaskazini siku tatu zilizopita. Maji haya yametoka Atlantiki."

"Ehe," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepima samaki akakuta uzito ni sawa. "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Chembe zikatua kwenye kiganja, zikayeyuka. Nikamuuliza anaona nini. Akakaa kidogo.

"Naona weupe. Na naona mkono wako."

Dirishani yule mzee mwingine alikuwa amesimama, kashikilia kingo, anatutazama. Nilimpungia mkono. Baba akauliza nampungia nani, nikamwambia ni mtu wa pwani mwenzetu.

Ilifika kama sentimita 3. Saa nne asubuhi ilikuwa imegeuka mvua, na saa sita lami ilikuwa nyeusi tena, kana kwamba nilizua yote. Kwa hivyo ukiniuliza kama upepo wa kaskazini unaleta theluji ya maana, nitakuuliza unakaa wapi. Ukiwa pwani inayoutazama, ndiyo, andaa koleo. Ukiwa bara kama mimi, andaa soksi, halafu angalia nani anakuja kutoka magharibi.

Tundu la Baba limezidi kuwa dogo tangu siku ile. Simu zetu sasa ni za sauti zaidi. Lakini juzi mdogo wangu aliniambia kwamba mzee amekuwa msumbufu barazani. Mtu yeyote akionyesha video ya theluji kwenye simu, Baba anauliza swali moja tu: inaanguka wima au upande? Wakimjibu ni wima, anawauliza mwanao mwenyewe ndiye aliyeipiga, ama umeokota tu?