Nani anamsikiliza msikilizaji?

Wadau, nakaa chumba kimoja na mwanafunzi wa saikolojia tiba. Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini: kutwa anasikiliza watu, posho hakuna, nauli ya daladala juu yake. Mimi mwandishi nikisikia jambo zito naliandika, nalipwa, nalala. Yeye hawezi kunisimulia hata neno, siri ya mgonjwa hiyo (na mnavyojua udaku wangu!). Pa kutua mzigo ni kwa msimamizi tu. Marekani, programu zenye ithibati ya APA lazima zimpe mwanafunzi wa mwaka wa intanshipu saa 4 za usimamizi kwa wiki, 2 kati yake wakiwa wawili tu. Wiki hii mwenzangu kapata dakika kumi, tena kwenye korido. Msimamizi naye foleni ya wagonjwa inamsubiri mlangoni.