Mbwa mwenye pasipoti: familia ya Masisi iliyopokea mbwa kutoka Romania

Katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, inaishi familia moja ya Wakongomani yenye asili ya Masisi. Walikimbia vita, wakakaa miaka mingi kambini nchini Uganda, kisha wakapelekwa Uingereza pamoja na wakimbizi wengine. Baba anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, mama anasafisha maofisi, watoto ni wanne. Mwaka jana msichana wao wa miaka 14 aliomba kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kukiomba: wachukue mbwa aliyeokolewa barabarani katika nchi nyingine, wamlee nyumbani kama mmoja wa nyumba.

Mama alikataa papo hapo, na hakueleza sababu. Watoto walifikiri ni mambo ya uchafu, au pesa. Baba peke yake ndiye aliyejua. Zamani, kule Masisi, mdogo wake mama aliumwa mguuni na mbwa wa jirani. Alikuwa mvulana wa miaka 9. Kidonda kilikuwa kidogo, wakampaka dawa ya majani, kikapona, wakasahau. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza homa, akashindwa kumeza, na kila alipoletewa kikombe cha maji alitetemeka na kupiga kelele. Hakumaliza wiki. Wengine kijijini walisema amerogwa. Muuguzi wa kituo cha afya alisema ni kichaa cha mbwa, na kwamba wangemleta siku ile ile ya kuumwa, labda angepona.

Tangu hapo mama yule hakugusa mbwa tena.

Msichana hakubishana naye. Alimletea mama habari za mbwa wenyewe, kidogo kidogo, jioni kwa jioni.

Mbwa wengi wa barabarani wa Romania wana historia ambayo mtu wa Kivu anaielewa bila kufafanuliwa. Miaka ya 1980, serikali ya Nicolae Ceaușescu ilibomoa mitaa mizima ya mji mkuu, Bucharest, na kuhamishia watu katika majengo ya ghorofa. Aliyekuwa na nyumba na kiwanja alipewa chumba juu ya ngazi. Ghorofani hakukuwa na nafasi ya mbwa, basi wengi waliachwa nje. Wakazaana. Mbwa wa leo ni vitukuu vya wale walioachwa siku wenye nyumba walipohamishwa kwa nguvu.

Mwaka 2013 mvulana wa miaka 4 aliuawa na mbwa mjini Bucharest. Nchi nzima ilikasirika, na mwezi huo huo bunge likapitisha sheria: mbwa akikamatwa barabarani anawekwa kwenye zizi la serikali, na kama baada ya siku 14 za kazi hakuna aliyemchukua, anaweza kuuawa. Ndipo vikundi vya watu wa kujitolea vilipozidi kuwatoa mbwa mazizini na kuwatafutia familia Ujerumani, Uingereza na kwingineko.

Mama alisikiliza yote hayo akiwa anachambua sombe. Habari ya mtoto aliyeuawa ilimgusa kuliko habari ya mbwa. Lakini siku moja aliuliza: « Na hao mbwa, nani anajua kama hawana kichaa? » Msichana alikuwa akilisubiri swali hilo.

Uingereza ni nchi iliyofuta kichaa cha mbwa ndani ya mipaka yake tangu mwaka 1922, na inalinda jambo hilo kwa ukali. Kwa miaka mingi mbwa aliyetoka nje alifungiwa karantini miezi 6. Leo karatasi ndizo zinafanya kazi hiyo. Kwanza mbwa anawekewa chini ya ngozi ya shingo kichipu kidogo kama punje ya mchele, chenye namba ya tarakimu 15, ili asibadilishwe njiani na mwingine. Kisha anachanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo haihesabiki kama ilitangulia kichipu. Baada ya chanjo ya kwanza anasubiri angalau siku 21. Kati ya siku moja na tano kabla ya kuingia, anapewa dawa ya minyoo aina ya tegu mbele ya daktari wa mifugo, naye anaandika saa na tarehe. Yote hayo yanaandikwa kwenye kijitabu cha buluu cha Umoja wa Ulaya kinachoitwa pasipoti ya mnyama. Na kwa kuwa mbwa anahamia kwa mwenyeji mpya, lazima pia cheti cha afya cha serikali.

Mama aliposikia hayo alitoa sharti moja: asome kila karatasi yeye mwenyewe kabla mbwa hajakanyaga mlango. Msichana alikubali.

Kikundi kilichokuwa na mbwa kilituma mtu kukagua nyumba. Alipima urefu wa uzio, akauliza nani atabaki na mbwa mchana, watoto wana umri gani, na kodi ya nyumba inaruhusu mnyama au hapana. Baba alinung'unika kwamba hata wao wenyewe hawakuulizwa maswali mengi hivyo siku walipopewa nyumba. Lakini maswali yalikuwa na maana: mbwa wengi hurudishwa kwa sababu watu walichagua picha, hawakuchagua mnyama.

Ilibaki kumwambia koko. Bibi huyo, mama yake mama, alikimbia Sake mwezi wa pili mwaka 2024, na sasa anakaa katika familia ya kupokea mjini Goma. Siku anaondoka alimfungua kamba mbwa wake, Simba, akamwacha aende. Simba aliwafuata mpaka Mubambiro, katikati ya watu na magodoro, kisha hakuonekana tena.

Aliposikia habari ya Romania kwenye simu, koko alicheka hadi akakohoa. « Imbwa iko na pasipoti? Mie kadi yangu ya kura ilibakia Sake! » Kila Mkongomani anaelewa kicheko hicho, maana kadi ya kura ndiyo kitambulisho, na aliyeipoteza vitani anajua namna anavyotazamwa kwenye kila kizuizi. Kicheko kilipokwisha, pande zote mbili za simu zilinyamaza. Kisha koko akasema: « Mumupokee vizuri. Hakuomba kuzaliwa kwa barabara. »

Mbwa alifika usiku, ndani ya gari lililosafiri siku mbili na zaidi kutoka Romania. Ni jike wa kimo cha kati, manyoya ya rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha. Watoto walitegemea atachezesha mkia. Alijificha nyuma ya kiti na kubaki pale siku mbili, bila sauti, bila kula mbele ya mtu. Alikojoa sebuleni. Mlango ukigongwa, alijibana ukutani.

Wanaowalea mbwa wa namna hiyo wana hesabu yao: siku 3 za kuogopa, wiki 3 za kuzoea, miezi 3 za kuanza kujiona yuko nyumbani. Si kanuni ya kitabu, na wengine huhitaji mwaka. Ushauri wao ni kumwacha, kutomtazama usoni, kutoalika wageni, na kumtoa nje akiwa amefungwa kamba mbili, kwa sababu mbwa mwenye hofu akiponyoka hajui njia ya kurudi. Baba, ambaye hakuwa amemtaka, ndiye aliyemwelewa mapema. Alikumbuka wiki zake za kwanza Sheffield, alivyoogopa kutoka nje na kufungua mlango. Alikuwa anarudi kazini alfajiri, anakaa chini sakafuni, anaweka dagala moja mbali kidogo na kiti, anakunywa chai yake. Asubuhi ya tano mbwa alitoka akaichukua.

Kulikuwa bado na damu ya kupimwa. Mbwa kutoka mashariki ya Ulaya wanaweza kubeba bakteria iitwayo Brucella canis. Hukaa mwilini bila dalili, haina dawa ya uhakika kwa mbwa, na mara chache huambukiza binadamu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye mimba na mwenye kinga dhaifu. Mbwa akikutwa nayo, mara nyingi madaktari hushauri auawe. Familia ilisubiri majibu kwa roho juu. Jibu likaja: hana.

Wiki ya tatu, mtoto wa mwisho, wa miaka 5, aliingiza mkono kwenye sahani ya mbwa wakati anakula. Mbwa alinguruma, akamdaka kidole, akaachia. Hapakuwa na damu, ngozi haikuchubuka. Baba alisema kesho arudishwe. Msichana alilia. Mama hakusema neno. Alimbeba mtoto mpaka kwenye sinki, akafungua maji, akauosha ule mkono kwa sabuni huku akitazama saa ya ukutani, dakika 15 kamili, ingawa kidonda hakikuwepo. Kisha alichukua kijitabu cha buluu, akafungua ukurasa wa chanjo, akaweka kidole juu ya tarehe. Ndipo watoto walipomwona akilia, na ndipo aliposimulia, mara ya kwanza, habari ya mjomba wao.

« Huyu amechanjwa, » alisema. « Yule hakuchanjwa. » Mbwa alibaki. Kuanzia siku hiyo anakula peke yake, mlango umefungwa, na hakuna mtoto anayemkaribia mpaka amalize.

Wakongomani walio nje huuliza kama wanaweza kuwachukua mbwa waliobaki nyumbani. Ni kazi ndefu. Kwa Uingereza, mbwa kutoka Kongo anahitaji kichipu, chanjo, kipimo cha damu kisichochukuliwa kabla ya siku 30 baada ya chanjo, halafu kusubiri miezi 3 tangu damu ichukuliwe. Canada tangu tarehe 28 Septemba 2022 haipokei kabisa mbwa wa kulelewa na familia mpya kutoka Kongo na nchi nyingine zenye kichaa cha mbwa kwa wingi. Sababu ni ugonjwa huo huo uliomuua mvulana wa Masisi. Kila mwaka unaua watu wapatao 59,000 duniani, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Lakini kabla ya dalili kuna muda, na hapo ndipo maisha yanaokolewa. Mtoto akiumwa au akichubuliwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, bila kupaka majani wala mafuta, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa anajulikana. Mbwa 7 katika 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Picha za mbwa wa Sheffield zilipofika Goma, koko alizitazama, akazipitisha kwa majirani. Hakuuliza jina la mbwa. Aliuliza sindano ile ni bei gani, na kama daktari wa mifugo anaweza kupita kwenye avenue yao, maana pale mbwa ni wengi, wamefuata watu waliokimbia, na watoto wanacheza nao mchana kutwa.