Barabara Ilifungwa kwa Ajili ya Jino

Juzi barabara kuu ya mji wetu huku Ohio ilifungwa, nami nikachelewa zamu ya mchana. Zimamoto walikuwa wameegesha magari mawili ya ngazi, moja kila upande, ngazi zimeinuliwa na bendera kubwa imening'inia katikati. Kulikuwa na wazee wa ndevu nyeupe juu ya pikipiki, watoto wa shule na vibendera vyao, na akina mama waliokuja na viti vya kukunja wakakaa ukingoni kama wanaosubiri mkutano wa chifu. Nikadhani gavana amefariki. Kumbe anayerudi ni fundi wa helikopta aliyepotea Laos wakati wa vita vya Vietnam, mjomba wa dada mmoja ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee.

Kesho yake yule dada akanieleza, bila kuona ajabu yoyote, kilichokuwa ndani ya jeneza. Jino moja na kipande cha mfupa kisichozidi ukucha. Juu yake wakalaza blanketi la jeshi, na juu ya blanketi wakabana kwa pini sare mpya iliyopigwa pasi, medali zote mahali pake. Barabara yote ile, jino moja!

Helikopta za vita hivyo, aina ya Huey, zilikuwa na wahudumu wanne. Mbele marubani wawili, nyuma fundi na mpiga bunduki wa mlangoni. Marubani walibadilishana, lakini fundi alikuwa na mashine yake. Usiku anaikagua na kukaza bolti, mchana anaketi penye mlango ulio wazi na bunduki ya rashasha mkononi. Helikopta za Marekani zilizoharibika katika vita vile ni zaidi ya 5,000. Rubani huandikwa magazetini. Fundi hukumbukwa na mama yake.

Ila wenzetu hawa wameamua kwamba hata fundi atafutwe. Wana idara nzima ya jeshi kwa kazi hiyo, na maabara kule Hawaii. Wanakwenda mpaka kwenye kilima cha Laos au Vietnam, wanapima ardhi kwa kamba, wanachimba tabaka kwa tabaka. Wanakijiji wanapanga mstari na kupitishiana ndoo za udongo hadi kwenye chekeche. Udongo wa kule ni mkali, unakula mifupa, ndiyo maana mara nyingi hubaki meno tu. Mama yake yule dada aliitwa miaka mingi iliyopita akapanguswa mate ndani ya shavu, kwa kuwa kuna vinasaba vinavyofuata upande wa mama, na dada wa tumbo moja ndiye ushahidi.

(Siachi kujiuliza wale wabeba ndoo wanawaza nini. Vietnam peke yake inakadiriwa kuwa na watu wake 300,000 ambao hawajapatikana. Nani anawachekechea?)

Si kisa cha mji wetu tu. Jack Rittichier, rubani wa walinzi wa pwani aliyeazimwa na jeshi la anga, alitunguliwa tarehe 9 Juni 1968 katika bonde la A Shau akijaribu kumwokoa rubani mwingine aliyeangushwa. Helikopta ikaungua na watu wake wanne. Alizikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington mwaka 2003. Miaka 35 faili lake lilikuwa wazi mezani kwa mtu.

Na ule ukuta mweusi wa Washington, ukumbusho wa vita vya Vietnam, uliobuniwa na Maya Lin akiwa bado mwanafunzi wa chuo, una majina zaidi ya 58,000. Kando ya jina la aliyethibitishwa kufa kuna alama ya almasi. Aliyepotea ana msalaba mdogo. Akipatikana mabaki yake, fundi wa mawe anakuja kuugeuza msalaba kuwa almasi. Walipanga pia kwamba akirudi mzima, msalaba huo utazungushiwa duara. Duara halijachongwa hata moja, lakini walilipanga!

Sasa nije kwetu Kenya, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira.

Mdogo wake kuka, babu yangu, alikuwa mpiga mizinga katika kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 walipakiwa Kilindini katika meli Khedive Ismail, wakielekea Colombo, na baada ya hapo Burma. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, meli ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi. Kuna jambo kukhu, bibi yangu, hakuambiwa kamwe, na ni heri: manowari za Waingereza, katika kuisaka nyambizi hiyo, ziliangusha mabomu ya chini ya maji palepale ambapo manusura walikuwa wakiogelea.

Nyumbani haikuja hata kofia. Wazee wakangoja, wakachoka kungoja, wakakata mgomba wa urefu wa mtu, wakauviringisha blanketi, wakauzika. Matanga yakaliwa, yakaisha. Kaka yangu akapewa jina lake, na hadi leo tukimwita mezani tunamwita marehemu. Kukhu alikuwa akisema tangu siku ile ya mgomba alilala. Bibi yake yule dada wa kazini, kwa upande wake, alikataa kubadilisha nambari ya simu hadi alipokufa, mwanawe asije akapiga asimpate. Kwa hiyo sitasema Wamarekani wanatushinda katika kila kitu. Mgomba ulifanya kazi yake.

Lakini jina lipo! Liko Nairobi, Barabara ya Ngong, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nikiomba mtu mmoja tu aende na simu akapige picha. Binamu yangu anayepita njia hiyo kila asubuhi akaomba nauli kwanza. Mwingine akasema kuna mvua. Shangazi akamaliza: "Mwanangu, huyo tulishamzika, unamfukulia nini?" Kisha wakarudi kwenye mchango wa harusi.

Na huyu wetu ana bahati. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba katika vita vya kwanza vya dunia watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina popote. Wabeba mizigo wetu wa vita hivyo wamo humo. Na tusimtupie mkoloni kila kitu. Shambulio la kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia, lilikuwa Januari 2016, serikali ni yetu, bendera ni yetu, na hesabu rasmi ya vijana waliokufa pale hatujapewa. Mtu ambaye hajahesabiwa atatafutwa vipi?

Yule dada aliniuliza kama sisi tuna idara kama yao. Nikamwambia tuna Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, kuna gwaride na hotuba. Akasema vizuri.

Msomaji uliye Nairobi, makaburi yale hayana kiingilio. Kama kwenu kuna babu aliyepanda meli Kilindini mwaka 1944 asirudi, nenda ukalitafute jina lake, ulipige picha, uitume kwa wazee kabla hawajaisha. Wale wa kikosi cha 301 wapo wengi ukutani; ukipata nafasi wapige picha wote.