Kinachobeba na Kinachoficha

Swali ambalo marafiki huniuliza sana ni epoksi gani ndiyo kali ya kuunganisha mbao. Mimi nauliza kwanza: hapo pataangaliwa au patakaliwa? Epoksi yenyewe, resini na kigumishi chake, ni uji mwepesi kama asali. Ukiitia kwenye nafasi pana inachuruzika. Kinachoishikilia ni unga unaochanganya ndani, na unga si mmoja.

Chukua kiti cha Shosho. Ni cha mvule, Guka alikiunda kabla mamangu hajazaliwa. Mguu wa nyuma ulikuwa umelegea pale ulimi unapoingia kwenye tundu. Gundi nyeupe ya kawaida inataka mbao zigusane kabisa, na hapa palikuwa na mwanya. Shosho ana miaka 82. Kikimwangusha, avunjike nyonga, hiyo si stori ya kiti tena.

Kijana wa hadwea aliniletea mkebe mwepesi ajabu. "Chukua hii bro, inapigwa msasa fasta." Hakudanganya. Ndani mna vipira vidogo sana vya kioo, vyenye hewa katikati. Ni poa kwa kuziba mashimo kabla ya rangi, lakini huo ulaini ndio udhaifu wake. Nikamwomba silika: poda nyeupe inayopeperuka kama moshi, kwa hivyo vaa barakoa. Ikishika, msasa unalia. Kwa mguu wa kiti, hiyo ni sifa.

Nyumbani nilikwangua gundi ya zamani, nikapangusa na asetoni kwa sababu mvule una mafuta. Nikapima resini na kigumishi kama mkebe unavyosema, nikakoroga hadi vikawa kitu kimoja. Kwanza nilipaka ikiwa tupu, mbao zinywe. Iliyobaki nikaitia silika hadi ikawa nzito kama siagi ya karanga, na unga kidogo wa mvule kwa ajili ya rangi. Nikafunga kwa mpira wa baiskeli, lakini si kwa fujo. Ukibana sana epoksi yote inatoka na kiungo kinabaki kikavu.

Jioni Shosho alikuja kukagua. "Mbona alama inaonekana?"

"Itaonekana tu, Shosho. Lakini itakubeba."

Alitaka kukalia papo hapo, nikakataa. Siku ya pili nilikaa mimi kwanza, kilo zangu 85, nikajitikisa mbele na nyuma. Hakikulia hata kidogo. Ndipo nikamwita.