Ufa wa Dhiraa Moja

Elimu ya mtu hupimwa mara nyingi kwa yale ayajuayo. Walakini upo wakati ambapo hupimwa kwa kile anachokubali kukivunja. Somo hili nalilipata katika kazi ndogo ya mikono: kuunda mfano wa merikebu ya kale ya Korea iitwayo geobukseon, maana yake merikebu ya kasa.

Merikebu hiyo ilipata sifa katika vita vya mwaka 1592 hadi 1598, Japani ilipoishambulia Korea, na jemadari wa bahari Yi Sun-sin akailinda nchi yake. Ilifunikwa kwa paa kama gamba la kasa, wapiga makasia na wapiganaji wakasitirika ndani. Mfano wangu ulikusudiwa kuwekwa mbele ya wanafunzi, nami naliuunda kwa kipimo cha 1 kwa 50. Mbao zilishikana vizuri, kichwa cha joka kikasimama omoni. Zilibaki kamba.

Hapo ndipo nilipopotea. Picha mbili za merikebu za namna hii zimo katika mkusanyo wa maandiko ya Yi Sun-sin, uliochapishwa mwaka 1795 kwa amri ya Mfalme Jeongjo. Lakini picha hizo hazionyeshi mlingoti wala tanga. Palipo kimya pana kishawishi. Nalisimika milingoti miwili juu ya paa, nikaishikiza huku na huku kwa kamba nyingi zilizokazwa, kama nilivyoona katika picha za merikebu za Ulaya. Ulipendeza. Kila aliyeuona aliusifu, nami sikuikataa sifa.

Zilipobaki siku 9 za kuukabidhi, nalisoma tafsiri ya maelezo yaliyofuatana na picha zile. Sakafu ya chombo ina urefu wa cheok 64 na chon 8. Mbao za paa ni 11 kila upande, zimepandana kama magamba ya samaki. Kisha yakafuata maneno machache: katikati ya mgongo umeachwa ufa wa cheok 1 na chon 5, ili iwe rahisi kuusimamisha mlingoti na kuulaza. Cheok ni karibu sentimita 30, na chon ni sehemu yake ya kumi. Basi ufa huo ni kama dhiraa moja. Paa langu halikuwa na ufa wowote.

Ufa huo ulikuwa shahidi aliyesema pale picha iliponyamaza. Mlingoti wa kusimamishwa na kulazwa hauwezi kuwa mateka wa kamba zisizofunguliwa. Nalitafuta basi majina ya kamba katika kamusi ya Kikorea, maana lugha huhifadhi mengi yaliyoachwa na wachoraji. Nalikuta yongchongjul, kamba ya kutweka na kutua tanga, ambayo kwa mabaharia wetu ni henza; nikakuta na aditjul, kamba ya tanga, ya kuligeuza kwa kadiri ya upepo, ambayo kwetu ni demani. Hizi ni kamba za kazi, si za pambo.

Usiku ule nalishika kisu. Nalikata kamba zote, nikang'oa mgongo wa paa. Ubao mmoja ulipasuka, na alama yake ingaliko. Nalichelewa siku 4, nikaomba radhi.

Sasa mlingoti mmoja umesimama, na mwenziwe umelala ufani. Rafiki mmoja aliniambia kuwa mfano wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Nalimkubalia, kisha nikamwonyesha ule ufa, ambao katika mfano haufiki sentimita 1. Uzuri wa kwanza ulikuwa wangu. Ufa ni wa wale waliokiunda chombo na kusafiri nacho. Aliuinamia akautazama kwa muda mrefu, wala hakuniuliza tena habari za zile kamba nilizozikata.